Mtoto wa Soin Asiishie Mbele ya Kamera

Tamasha za drama zikifika, stori ni ile ile. Watoto wa Soin wanapakiwa kwenye basi la shule, wanapanda mpaka Kericho mjini, wanaigiza hadi majaji wanashika mbavu. Vyeti vinatolewa, picha zinapigwa, basi linateremka. Kesho yake kipaji kinafungiwa stoo pamoja na mavazi.

Wacha niseme wazi: ukimpigia mtoto makofi kwa kuigiza halafu usimfunze kuhariri filamu, umemtumia tu.

Mwigizaji anatoa uso na sauti. Mhariri ndiye anayeamua uso huo uonekane sekunde ngapi na kilio kikatwe wapi. Mwaka 1987, mvulana Mkenya, Edwin Mahinda, alibeba The Kitchen Toto, filamu kuhusu Kenya ya enzi za ukoloni. Aliyeiandika na kuielekeza ni Mwingereza, Harry Hook. Uso wetu, mkasi wao.

Sasa mtazame Lupita Nyong'o. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet jukwaani Nairobi, na kundi la Phoenix Players. Hakuishia hapo. The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, alifanya kazi nyuma ya kamera. Mwaka 2009 ikaja In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino, aliyoiandika na kuielekeza mwenyewe. Oscar ilimkuta tayari ni mwelekezi.

Utaniambia, ah, huyo ni kipaji. Sawa, lakini kipaji chake kilipata nauli. Alisomea Hampshire College, Marekani. Babake ni profesa, ambaye 2017 alichaguliwa gavana wa Kisumu, kaunti inayopakana na Soin. Ng'ambo tu ya mpaka huo, mtoto wa mkata miwa aanzie wapi?

Mtaala mpya una jibu, angalau kwenye karatasi: sekondari pevu ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na filamu imo. Lakini si kila shule inafunza mikondo yote mitatu. Ukienda shule ndogo ya kutwa, usishangae ukikuta sanaa ndiyo iliyoachwa nje.

Kericho inaijua hesabu hii vizuri. Milimani majani chai yanachumwa, yanapelekwa mnadani Mombasa, na mwenye kuyachanganya, kuyapakia na kuyapa jina ndiye anayekula vinono. Soin, kule chini kwenye joto na miwa, hakuna mashamba makubwa ya chai, lakini vipaji vya watoto tunaviachilia kwa bei ya majani mabichi.

Na si ati tunaitisha studio. Kompyuta moja yenye programu ya bure ya kuhariri, simu ya mwalimu wa drama, na sheria moja: kila mchezo unaoenda tamasha urekodiwe, na waliouigiza ndio wauhariri. Pesa za mavazi huwa zinapatikana. Hizi pia zitapatikana.

Nanyi mlio Nairobi, mnaoediti video za harusi hadi saa nane usiku: Disemba mkienda ocha, bebeni laptop. Mkalishe mtoto mmoja kando yako, mwonyeshe pa kukata, kisha mwachie mausi.