Kabla ya kuwafukuza wauza jezi feki, tuambieni cheti cha nembo kina jina la nani

Desemba 2014 mashabiki wa Steaua Bucharest, moja ya klabu kubwa kabisa Romania, waliingia uwanjani kuangalia mechi ya ligi wakakutana na kioja. Kwenye ubao wa matokeo, upande wa timu yao, hakukuwa na jina wala nembo. Peupe. Mtangazaji wa uwanjani naye badala ya kutaja Steaua akawa anasema "bingwa wa Romania". Wachezaji ni wale wale, kocha yule yule. Kilichoondoka ni jina tu.

Na hii siyo timu ya mchangani. Steaua ndio waliobeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1986 pale Sevilla, kipa wao Helmuth Duckadam akipangua penalti nne za Barcelona. Klabu ilianzishwa na jeshi mwaka 1947. Baadaye timu ya soka ikajitenga na jeshi, ikaangukia mikononi mwa tajiri Gigi Becali. Pesa ikaingia, mataji yakaja, kila mtu akasahau karatasi. Wanajeshi hawakusahau. Mwaka 2011 wakaenda mahakamani wakidai kwamba tangu 2004 timu ya Becali ilikuwa inatumia jina, nembo na rangi ambazo ni mali ya jeshi, bila ridhaa yao. Mahakama ya juu ikawapa ushindi Desemba 2014. Mwaka 2017 timu ya Becali ikalazimika kubadili jina, leo inaitwa FCSB. Mwaka huo huo jeshi likaanzisha Steaua yake, ikaanzia daraja la nne huko chini kabisa. Mashabiki wakagawanyika. Mpaka kombe la 1986 nalo likawa ugomvi, kila upande unasema ni letu.

Nimeanzia mbali makusudi. Kwetu habari ya nembo ya klabu ikitajwa, akili zote zinakimbilia Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kila msimu ni wimbo ule ule. Klabu inazindua jezi kwa mbwembwe, siku mbili tatu baadaye feki zimejaa barabarani kwa bei ya kutupa, msemaji anaita waandishi na kutangaza vita na machinga. Tunaandika, tunapiga picha, wiki inaisha. Msimu unaofuata tunarudia. Kinachochekesha ni kwamba makao makuu ya Simba na ya Yanga yote yako Kariakoo hiyo hiyo. Msemaji akishuka ngazi tu, feki hizo hapo.

Mimi nasema vita hiyo inaanzia mahali pasipo sahihi. Kabla ya kumkamata kijana anayeuza jezi begani, kuna swali la msingi ambalo wanachama wa klabu zetu hawaulizi: jina la klabu, nembo, lakabu na kaulimbiu zimesajiliwa kama alama za biashara? Na cheti kina jina la nani?

Tuelewane kwanza kuhusu usajili wenyewe, maana kuna watu wanadhani klabu ikishasajiliwa kwa msajili wa vyama vya michezo basi imemaliza. Hapana. Huko umesajili chama. Alama ya biashara ni jambo jingine, linafanywa BRELA kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Unapeleka ombi, wanakagua kama alama yako haifanani na ya mtu mwingine, wakiridhika wanaitangaza kwenye jarida lao. Hapo kila mtu anapewa siku 60 za kupinga. Asipojitokeza mtu, unapewa cheti. Kinga ya kwanza ni miaka 7, ukiendelea kuhuisha unapata miaka 10 kila mara.

Sasa sikiliza kipengele ambacho wengi wanapigwa nacho chenga. Alama inasajiliwa kwa aina ya bidhaa au huduma, na kila daraja lina ombi lake. Nguo na viatu ni daraja la 25. Michezo na burudani, maana yake mechi zenyewe na matamasha, ni daraja la 41. Mipira na vifaa vya michezo ni la 28. Maji ya kunywa na soda ni la 32. Ukisajili nembo yako daraja la 41 peke yake ukaenda zako kulala, umelinda mechi, ila jezi umeiacha nje mlango wazi. Na klabu zetu siku hizi haziuzi jezi peke yake. Kuna Simba Day, kuna Wiki ya Mwananchi, kuna "Nguvu Moja", kuna "Daima Mbele Nyuma Mwiko". Msimu wa 2024/25 watu wa Msimbazi walikuja na "Ubaya Ubwela", mji mzima ukaimba, fulana zikachapwa. Maneno kama hayo ni bidhaa. Aliyeyabuni asipoyawahi, atawahi mwingine.

Mtu atasema, nani huyo mwenye roho ya kusajili jina la mwenzake? Wapo, bana. Desemba 2012, Neymar akiwa bado Santos, kuna bwana mmoja wa Ureno aliomba kusajili jina NEYMAR Umoja wa Ulaya kwa ajili ya nguo, viatu na kofia. Akapewa. Siku ile ile aliomba na jina la Iker Casillas. Bwana huyo akajitetea eti hakuwa anamjua Neymar vizuri. Mahakama ilicheka kimyakimya, ikasema mtu anayeomba Neymar na Casillas siku moja anaujua mpira vizuri tu, na alikuwa na nia mbaya. Lakini angalia muda: Neymar alilalamika 2016, hukumu ikatoka Mei 2019. Miaka mitatu ya kupigania jina alilopewa na wazazi wake. Staa wa dunia anaweza kulipa mawakili miaka mitatu. Klabu ya Ligi Kuu yetu inayodaiwa mishahara haiwezi.

Kuhusu jezi feki zenyewe, kesi ya kuisoma ni ya Arsenal. Jamaa mmoja anaitwa Matthew Reed alikuwa anauza skafu na fulana za Arsenal nje ya uwanja wa Highbury tangu 1970. Mwaka 1989 klabu ikasajili majina na nembo zake, baadaye ikampeleka mahakamani. Reed alikuwa na hoja nzuri, kiukweli. Kwenye kibanda chake aliweka bango kwamba bidhaa zake siyo rasmi. Akasema shabiki anavaa nembo kuonyesha mapenzi, siyo kuonyesha nani kashona. Hata jaji wa Uingereza alimwelewa kwa muda. Lakini Mahakama ya Ulaya mwaka 2002, na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 2003, zikasimama na Arsenal: mapenzi ni mapenzi, alama ni ya aliyeisajili.

Arsenal wangeshinda vipi bila usajili ule wa 1989? Wangetegemea kumthibitishia jaji kwamba wateja wanadanganywa, na bango la Reed lingewamaliza. Karatasi ndiyo iliyowabeba.

Hapa kwetu mambo yako hivyo hivyo. FCC ndio wenye meno ya kukamata bidhaa bandia, bandarini mpaka madukani, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Lakini ukienda kulalamika lazima uonyeshe haki yako. Utaonyesha nini? Video ya uzinduzi Instagram? Na ukiwa na cheti, huna haja ya kumkimbiza machinga mwenye jezi kumi. Unamfuata aliyeingiza kontena. Machinga hana kiwanda, anauza alicholetewa. Klabu yenye akili ingemgeuza kuwa wakala: mpe jezi orijino kwa bei ya jumla, mpe kitambulisho, akauze Tandika na Mbagala ambako duka lako halifiki. Na tusidanganyane, jezi orijino kwa bei ya sasa siyo ya kila mfuko. Shabiki wa mzunguko naye anataka kuvaa. Klabu ingetoa fulana ya bei rahisi yenye nembo halali, feki ingepoteza nusu ya wateja wake.

Narudi kwenye swali la nani. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko feki. Simba miaka michache imepita mikononi mwa Vunjabei, ikaenda Sandaland, ikaja Jayrutty. Yanga wako na GSM. Wazabuni wanakuja na kuondoka, ni kawaida ya biashara. Lakini mzabuni anapewa leseni ya kutumia nembo kwa muda, hapewi nembo. Tofauti hiyo isipoandikwa kwenye mkataba kwa maneno ya wazi, siku ya kuachana kuna mtu atatoka mlangoni na begi lisilo lake. Kijana aliyechora nembo mpya naye asainishwe kukabidhi haki zake na alipwe, siyo kuahidiwa tiketi za VIP.

Halafu kuna hili la mabadiliko. Klabu zetu kubwa zinatoka kwenye mfumo wa wanachama zinaingia kwenye kampuni, wanachama 51 kwa 49 za wawekezaji. Sina ugomvi na hilo, mpira wa leo unataka mtaji. Lakini Simba ina nini cha maana kuliko jina lake, lile waliloanza kulitumia 1971 baada ya kuacha la Sunderland? Yanga ya 1935 ina nini kikubwa kuliko neno Yanga? Wachezaji mikataba inaisha. Jengo ni jengo. Thamani iko kwenye jina. Kwa hiyo mwanachama ana haki ya kujua jina hilo limeingia kwenye kampuni kama mtaji, au limebaki kwa klabu ya wanachama na kampuni imepewa leseni. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Romania walidhani ni jambo moja.

Kuna wanaohofia kwamba klabu zikisajili tutakatazwa hata kusema. Haiko hivyo. Disney wana usajili wa "Hakuna Matata" kwa fulana huko Marekani tangu 2003, Waswahili tulikasirika sana mwaka 2018 habari ilipovuma, na tulikuwa na haki ya kukasirika, lakini hakuna aliyezuiwa kulitamka. Tena ofisi za usajili zina mipaka. Liverpool walitaka kumiliki neno "Liverpool" kwa bidhaa za mpira mwaka 2019, wakakataliwa kwa sababu ni jina la mji. Hapo Mbeya City na Dodoma Jiji wasikilize vizuri: mji ni wa wote, kwa hiyo nguvu yenu iwe kwenye nembo, mchoro na lakabu. Mbeya City wanakumbuka msimu wa 2013/14, walipopanda tu wakamaliza wa tatu na nchi nzima ikataka kuvaa zambarau yao. Msimu kama ule hautoi taarifa kabla ya kuja.

Jambo jingine la haraka: cheti cha BRELA kinaishia Bara. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, na ombi ni lingine. Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB. Klabu inayojisifu ina mashabiki Afrika Mashariki nzima ijiulize kama inalindwa hata pale Darajani, Unguja.

Ada za kazi yote hii ni ndogo kuliko mshahara wa mwezi wa mchezaji anayekaa benchi. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa. Kwenye mikutano mikuu wanachama wanauliza straika anakuja lini na kocha anaondoka lini. Mkutano ujao asimame mmoja, hata wa tawi dogo, aombe mambo matatu yasomwe mbele ya wote: orodha ya alama zilizosajiliwa na madaraja yake, jina la mwenye cheti, na tarehe ya kuhuisha. Daftari la BRELA liko wazi, kwa hiyo jibu la kubabaisha litajulikana kabla watu hawajafika kituo cha mwendokasi.