Barua ya Wazi kwa Kitengo cha Hifadhi za Bahari: Wekeni Waongozaji Ndani ya Maji

Kwa Meneja,
Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, Mbudya na Bongoyo ndiko mahali pa kwanza kutia uso majini na kuona chini kulivyo. Visiwa hivi, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitengwa kisheria mwaka 1975, na leo viko chini ya Kitengo chako. Upande unaotazama bara, kisiwa chenyewe huzuia mawimbi ya bahari kuu, mchanga hushuka taratibu, na mtu asiye na mtungi wa hewa wala uzoefu wowote anaweza kuingia kwa miguu kutoka ufukweni akayafikia matumbawe kwa kuogelea kidogo tu. Miwani na mrija vinakodishwa. Anayevikodi, mara nyingi, hajawahi kuvivaa. Naandika kuomba jambo moja: kila anayeingia na miwani kwenye eneo la matumbawe aingie na mwongozaji aliyefunzwa, atakayekuwa majini pamoja naye, na huduma hiyo iwe ndani ya ada ya kiingilio badala ya kuwa nyongeza ya mwenye uwezo.

Nianze na namna tumbawe linavyovunjika mahali penye wageni wapya, kwa maana hapo ndipo hoja yangu yote iliposimama. Miwani imevaliwa juu ya nywele, au masharubu yamezuia mpira usishike ngozi, na maji yanapenya polepole hadi puani. Kioo kinajaa ukungu kwa sababu hakuna aliyemwambia mgeni akitemee mate, akisugue, kisha akisuuze. Wimbi dogo linaingia kwenye mrija, naye anavuta pumzi badala ya kupuliza kwa nguvu, anameza chumvi. Hapo mwili unafanya kile ambacho mwili wa asiyejua kuogelea hufanya siku zote: kichwa kinanyanyuka, miguu inashuka, unyayo unatafuta kitu kigumu. Kitu kigumu kilicho karibu ni tumbawe. La matawi linakatika mara moja. Lile la mviringo, ambalo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, linachubuka ngozi yake hai, na kidonda hicho huvamiwa na mwani. Mguu nao unarudi umechanika au umejaa miiba. Katika sekunde hizo chache mtu na mwamba wamo hatarini kwa sababu ileile, nayo ni hofu. Dawa yao pia ni moja: mtu mtulivu aliye karibu, mwenye boya la kushikilia, ambaye alikwisha kumzoeza mgeni huyu kupuliza mrija akiwa bado amesimama mchangani, maji yakimfika kifuani.

Kwa hiyo sioni faida ya kuyatenganisha mambo haya mawili, usalama wa watu ukapewa idara yake na matumbawe yakapewa yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na sehemu kubwa kabisa ya vifo hivyo iko katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu, ambako watoto wengi hukua karibu na maji bila kufundishwa kuogelea. Mji wetu umekaa juu ya bahari na umejaa watu wazima wasioweza kuelea. Hao ndio wanaopanda boti Kunduchi na Msasani siku za Jumamosi, na ni haki yao kwenda.

Ushahidi kwamba mwongozaji wa majini hubadilisha mambo upo, tena umepimwa. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika Hifadhi ya Taifa ya Ras Mohammed nchini Misri, kwenye Bahari ya Shamu. Wazamiaji walifuatiliwa chini ya maji kwa vipindi vya dakika 7. Kabla ya kupewa mafunzo, kila mmoja aligusa matumbawe wastani wa mara 1.4 kwa kipindi. Baada ya mafunzo mafupi, wastani ukashuka hadi 0.4. Mafunzo hayo hayakuishia nchi kavu, kwani baada ya maelezo na picha wazamiaji walishushwa majini wakaonyeshwa kwa macho yao nini ni kiumbe hai na nini ni jiwe tupu. Miaka saba baadaye, 2004, utafiti mwingine wa kisiwa cha St Lucia, katika Karibi, ulitoa matokeo ya wazamiaji 353. Karibu robo tatu yao waligusa mwamba angalau mara moja, na walioingilia ufukweni waligusa zaidi kuliko walioshushwa na boti. Maelezo mafupi ya mdomo, peke yake, hayakupunguza kitu. Kilichopunguza ni kiongozi wa msafara aliyeingilia kati palepale kila alipomwona mtu akigusa. Ukiziweka tafiti hizi mbili pamoja unaona zinakubaliana: maneno ya nchi kavu husahaulika mara maji yanapoingia puani, na fundisho linalobaki ni lile lililotolewa majini. Tukumbuke pia kwamba waliochunguzwa walikuwa wazamiaji wa mitungi, mchezo ambao kwa kawaida husomewa kabla ya kuufanya. Wa kwetu wanakodi miwani na kuingia.

Dunia nzima ikitaja ufukwe wa wanaoanza, jina la Ghuba ya Hanauma katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, halikosekani. Ilitengwa mwaka 1967, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa ikipokea watu wanaokaribia milioni tatu kwa mwaka, matumbawe ya ndani yakakanyagwa hadi yakaisha sehemu kubwa. Wenyewe wakarudi nyuma hatua kwa hatua: wakapunguza idadi ya watu, wakafunga ghuba siku maalumu za wiki ipumzike, na tangu 2002 kila mgeni wa mara ya kwanza lazima atazame filamu ya dakika 9 kabla ya kushuka. Ugonjwa wa korona ulipoifunga ghuba mwaka 2020, watafiti waliona maji yakitakata na samaki wakirudi karibu na ufuko. Nayaheshimu waliyofanya. Hata hivyo, katika visiwa hivyo vya Hawaii, vyenye waokoaji na mabango kila upande, kuogelea kwa miwani na mrija kumeendelea kuongoza miongoni mwa shughuli zinazowafisha maji watalii. Maji tulivu huwavuta wasiojua, na filamu haiwezi kumshika mtu mkono.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari mbili kutafuta mfano. Kisiwa cha Chumbe, jirani na mji wa Unguja, kilitengwa mwaka 1994, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa maeneo hayohayo waliofunzwa upya. Mgeni haruhusiwi kuzamia kwa mtungi pale. Anaogelea kwa miwani na mrija, akiongozwa. Watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa, huvalishwa jaketi okozi, na huingizwa majini na walinzi hao kuona kile ambacho baba zao wamekivua maisha yao yote bila kukitazama kutoka ndani. Matumbawe ya Chumbe yanahesabiwa miongoni mwa yaliyotunzwa vizuri zaidi Afrika Mashariki. Najua Chumbe hupokea watu wachache na Mbudya hupokea umati, na kwamba siku ya sikukuu tofauti hiyo ni kubwa mno. Lakini umati ndio unaozidisha haja ya mwongozaji.

Kuna jambo la bahari yetu ambalo bango halitaweza kulisema kamwe, nalo ni maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina kati ya maji makuu na maji madogo huku kwetu huzidi mita 3, na kwa kawaida ya pwani hii maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa sita za mchana. Hiyo ndiyo saa ambayo boti zinashusha watu. Mwamba ambao wiki iliyopita, maji yakiwa mafu, ulikuwa na kina cha kutosha kuelea juu yake, leo umebakiwa na maji ya magotini, na mgeni hawezi kuupita bila kuukanyaga hata akiwa muogeleaji hodari. Mvuvi wa Kunduchi analijua hili bila kutazama kalenda. Mwongozaji mwenye mamlaka angesema, "Leo tusubiri hadi saa nane, kwa sasa tubaki mchangani," na pasingekuwa na haja ya kufunga kisiwa siku nzima wala kumrudisha mtu aliyekwisha kulipa nauli ya boti. Tungefunga eneo kwa saa za maji. Nadhani hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na haigharimu chochote zaidi ya kumsikiliza mtu anayeijua bahari.

Nitaambiwa kwamba nyayo za wageni ni jambo dogo. Baruti imevunja miamba ya pwani hii kwa miongo mingi, na joto la bahari limeua zaidi: mwaka 1998 matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi katika magharibi ya Bahari ya Hindi, na joto likarudi tena 2016 na 2024. Ni kweli, na Kitengo chako hakiwezi kuipoza bahari. Lakini nyayo hazitawanyiki sawasawa. Zinarundikana kwenye kipande kilekile kidogo mbele ya ufuko, wiki baada ya wiki, na kipande hicho ndicho pekee ambacho watu wa mji huu watakiona. Tumbawe lililodhoofishwa na joto linahitaji miaka ya utulivu ili chipukizi lishike, na chipukizi la ukubwa wa kidole gumba halistahimili kisigino. Zaidi ya hapo, anayesikia mlipuko baharini na kupiga simu ni yule anayejua kilichoko chini. Hatutampata mtu huyo kwa kumwonyesha vifusi.

Suala la gharama ni zito zaidi, na sitaki kulipita kwa haraka. Kiingilio kikipanda, familia ya Mbagala au Tandika itabaki nyumbani, na visiwa vitakuwa vya wageni wa hoteli. Ndiyo maana sipendekezi mwongozaji mmoja kwa kila mtu. Mtu mmoja aliyefunzwa, mwenye boya refu la kushikiliwa na wengi, anaweza kuongoza kikundi kidogo kwa nusu saa kisha akarudi kuchukua kingine, kwa zamu, siku nzima. Wanaokuja kuoga mchangani, kula samaki wa kuchoma na kukaa kivulini hawahitaji huduma hii na wasiguswe. Gharama iliyobaki igawanywe kati ya ada inayokusanywa tayari na wanaokodisha miwani, kwa sharti kwamba miwani haitoki bila mwongozaji. Atakayelipwa si mgeni pia. Kutengwa kwa visiwa hivi kuliwaondolea wavuvi wa Kunduchi, Ununio na Msasani sehemu ya kuvulia, na Sheria Na. 29 ya mwaka 1994 iliyokianzisha Kitengo inataja ushiriki wa wakazi na elimu miongoni mwa malengo yake. Kazi hii ni ya watoto wao. Nasisitiza, na ya mabinti zao pia. Mwanamke wa Kiislamu aliyevaa nguo ndefu, ambaye hajawahi kuelea, hatakubali kushikwa mkono majini na kijana wa kiume, na hana sababu ya kukubali. Akikosa mwongozaji mwanamke atabaki ufukweni akiwashikia wengine viatu, kama ambavyo wengi wamekuwa wakibaki.

Wapo watakaolalamika kwamba wanajua kuogelea na hawahitaji mlezi. Wapewe nafasi ya kuonyesha: dakika tano juu ya mchanga, wasafishe miwani, wapulize mrija, waelee bila kusimama. Wakifaulu waende, wakijua mwongozaji yuko jirani na ana ruhusa ya kuwatoa. Wale wa St Lucia nao walijiona wanajua.

Sikuombi uanze visiwa vyote kwa mkupuo. Chagua Mbudya, msimu mmoja wa kaskazi, bahari ikiwa shwari. Kabla ya kuanza, wanafunzi wa sayansi za bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wahesabu ni mara ngapi mgeni mwenye miwani anagusa au kukanyaga tumbawe kwa kila dakika 7, kama walivyofanya wale wa Ras Mohammed, na ni wangapi wanaotolewa majini wakiwa taabani. Waongozaji wakishaanza, wahesabu tena, kwa saa zilezile za maji. Hesabu zote mbili zibandikwe pale Kunduchi watu wanapolipia boti, kila mtu azisome. Kama idadi haitashuka, utakuwa na haki ya kuliacha wazo hili, nami sitakuwa na la kujibu.

Wako,
Mkazi wa Dar es Salaam