Baada ya egzeta: chuo gani, na nani atalipa mwaka wa pili?

Matokeo ya Mtihani wa Taifa yakitoka, barabara zetu hujaa vijana waliojipaka poda nyeupe kichwani, na akina mama hupiga vigelegele mpaka jirani asiye na mtoto shuleni anatoka nje kuuliza kuna nini. Furaha hiyo ni haki yao. Lakini hudumu siku mbili tatu. Kisha swali linaingia nyumbani: mtoto aende chuo gani, asome nini? Mara nyingi jibu linatolewa upesi kuliko tunavyochagua mbuzi sokoni.

Huku mashariki swali hilo limekuwa zito zaidi tangu 2025. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari mwaka ule, Bukavu katikati ya Februari. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na wazazi wengi walipoteza biashara au kazi. Familia iliyokuwa na mpango wa kumtuma mtoto Kinshasa au Lubumbashi ililazimika kuhesabu upya, maana safari peke yake inaweza kumaliza feza iliyowekwa kwa masomo. Basi wengine wanachagua chuo kilicho karibu kwa sababu tu kiko karibu. Wengine wanauza shamba ili mtoto atoke, popote pale, mradi asibaki. Twaelewa hofu hiyo. Lakini hofu inaweza kumwambia mtu aondoke. Haiwezi kumwambia asome nini.

Kitu kingine kinachochagua mahali pa mtoto ni jina. Ukiwauliza wafinalisti wa parokia zetu, wengi watataja udaktari, sheria au uchumi. Ukiuliza kwa nini, utasikia habari za mjomba. Hatusemi kazi hizo ni mbaya. Tunauliza kama kijana amepimwa. Aliyesoma opsioni ya pedagojia na hajawahi kushika chupa ya laboratwari anaweza kuandikishwa katika udaktari, lakini kemia ya mwaka wa kwanza haitamngoja. Asilimia ya diploma haitoshi kumpima. Wazazi wachukue buletini za miaka miwili ya mwisho, waketi na prefe au mwalimu anayemjua mtoto, waangalie alama za masomo yale ambayo fakulte itayadai: hesabu kwa anayetaka umeme au ujenzi, biolojia na kemia kwa anayetaka uuguzi au kilimo, Kifaransa kwa anayetaka sheria. Saa moja ya mazungumzo hayo inaweza kuokoa miaka miwili.

Kuna pia jambo ambalo wazee wetu wanalichanganya bila kosa lao. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilileta mfumo wa LMD, na vyuo vya Kongo vilianza kuutumia kweli kweli katika mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani kijana alisoma miaka mitatu akawa gradue, kisha miwili zaidi akapata lisansi. Leo lisansi ni ile ya miaka mitatu, na miaka miwili inayofuata ni masta. Kwa hiyo mjomba anaposema «soma mpaka lisansi kama mimi», anazungumza juu ya miaka mitano, na mtoto anasikia mitatu. Familia ikiweka akiba ya mitatu, kisha mwajiri akadai masta, ugomvi unaanza nyumbani. Udaktari ni mrefu kupita hapo, na haukatiki njiani: aliyeacha mwaka wa nne si nusu daktari.

Kabla ya kulipa hata franka moja, ombeni karatasi. Katika nchi yetu chuo cha binafsi hupewa kwanza ruhusa ya muda kwa amri ya waziri wa masomo ya juu, na baadaye kibali kamili kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Wizara imekwisha kufanya uchunguzi mara kadhaa na kufunga vyuo au sehemu zisizofaa. Wanafunzi wa vyuo hivyo ndio waliobaki na buletini zisizowasaidia. Msiulize tu kama chuo kina ruhusa. Ulizeni kama fakulte yenyewe inayo, maana chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya sheria na teolojia, kisha kikaongeza uuguzi kwa bango tu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kila mwaka mabango ya kuandikisha huwa mengi. Kwa miji iliyo chini ya M23 kuna swali moja zaidi, ambalo mzazi ana haki ya kuliuliza kwa adabu mbele ya katibu wa chuo: diploma hii itasainiwa na nani, na saini hiyo itatambuliwa Kinshasa? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Wengine wanavuka mpaka. Kutoka Bunia na Beni njia inaelekea Kampala, kutoka Goma inaelekea Rwanda, kutoka Uvira inaelekea Bujumbura. Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wanaona milango imefunguka, na ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini hesabuni muda wa kujifunza Kiingereza kwanza, na karatasi za kulinganisha diploma, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Na kuna masomo yasiyovuka mpaka vizuri. Sheria ya Kongo ina mizizi yake Ubelgiji; ya Uganda imetoka Uingereza. Kijana anayetaka kuwa wakili mbele ya mahakama ya Bukavu au Butembo, akisoma sheria Kampala atarudi na elimu nzuri ya sheria ya watu wengine. Anayesoma kompyuta au uhasibu hana shida kubwa kama hiyo.

Na vyuo vyetu wenyewe? Waprotestanti wa nchi hii hawakuanza jana. Chuo Kikuu Huria cha Kongo kilifunguliwa Kisangani mwaka 1963 kwa juhudi za makanisa yetu, na mwaka 1971 serikali ya Mobutu ikakiunganisha na vingine katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Baadaye ULPGL ilianzishwa Goma mwaka 1985, na UEA ilianza Bukavu mwaka 1991. Chuo cha teolojia cha Bunia, kilichoanza 1961, kikawa Chuo Kikuu cha Shalom mwaka 2007. Tuna sababu ya kushukuru. Hata hivyo, mtu asimpeleke mtoto mahali kwa sababu tu mkuu wa chuo huhubiri vizuri. Chuo cha kanisa kiulizwe maswali yale yale, na pengine makali zaidi, kwa sababu tunakipa watoto wetu bila kukagua.

Swali moja linatenganisha vyuo haraka: mwanafunzi atafanya mazoezi wapi? Wanafunzi wa udaktari wa UEA hujifunza katika hospitali ya Panzi, ambayo jumuiya ya CEPAC iliianzisha mwaka 1999 na ambayo leo inajulikana dunia nzima. Mtoto akienda pale, ataona wagonjwa. Sasa tembeleeni chuo kile mlichotajiwa. Fakulte ya kilimo ina shamba? Sehemu ya umeme ina mashine, na mashine hizo zina mikwaruzo ya kutumika, au bado zimefunikwa nailoni? Waulizeni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, si wa kwanza, mahali walipofanya staji.

Tusidharau pia vyuo vya ufundi na ualimu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2019, madarasa yamefurika na walimu wanahitajika, ingawa kila mmoja wetu anamjua mwalimu anayefundisha miaka na miaka bila jina lake kufika kwenye orodha ya mishahara. Huo ni ukweli ambao kijana aujue kabla ya kuingia ISP. Muuguzi, fundi wa umeme, mjenzi: hawa hawakosi wa kuwaita, hata katika vita.

Linalotuhusu sisi kama makanisa ni mwaka wa pili. Tunajua namna mambo yanavyokwenda. Mtoto wa kwaya amepata asilimia nzuri, mchungaji anatangaza, sadaka maalum inakusanywa, mama wanatoa mpaka vitenge. Minervali ya mwaka wa kwanza inalipwa kwa shangwe. Mwaka unaofuata kuna wafinalisti wapya, kuna shangwe mpya, na yule wa jana anafukuzwa kwenye mtihani kwa sababu hajalipa sehemu ya mwisho. Anarudi nyumbani kwa aibu, anaacha kuimba. Bwana wetu aliwahi kusimulia habari za mjenzi wa mnara, katika Luka 14; hesabu ile inafanywa kabla ya jiwe la kwanza.

Kwa maoni yetu, parokia inayoweza kumsaidia kijana mmoja miaka mitatu isiwasaidie watatu mwaka mmoja. Ni neno gumu kulisema mbele ya wazazi watatu, lakini wale wawili wakiambiwa mapema watatafuta njia nyingine wakiwa bado na nguvu. Na hesabu isiishie kwenye minervali. Kuna kuandikishwa, silabi, kazi za laboratwari, staji, kazi ya mwisho, na kila siku kuna chumba na chakula, ambavyo kwa mwaka huweza kupita minervali yenyewe. Hapa ndipo kanisa lina utajiri ambao benki haina. Familia ya waamini mjini inaweza kumpokea binti wa kijijini, akalala salama, na wazazi wake wakatuma gunia la maharage badala ya dolari wasizokuwa nazo. Tunasema binti kwa makusudi: feza ikipungua, yeye ndiye anayeambiwa angoje, na chumba cha kupanga peke yake ndicho kinachowatisha wazazi.

Kazi hii ifanywe kabla ya egzeta, siyo baada ya poda. Jumapili moja baada ya ibada, wakusanyeni wafinalisti na wazazi wao. Mwiteni muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu, agronomu, fundi wa umeme, na wakili kama yupo karibu. Kila mmoja aeleze alisoma wapi, miaka mingapi, alilipa kiasi gani, na alingoja muda gani mpaka kupata kazi. Na vijana waruhusiwe kuuliza juu ya mshahara, bila mzee yeyote kukohoa.