Daftari la Wiki: Kilevi na Mashahidi Wake

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayolevya, kuingizwa na kuuzwa Mombasa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha agizo hilo, na mjadala ukawa wa Pwani na wakulima wa muguka wa bara. Malalamiko ya wazazi wa Kisauni na Likoni yakasahaulika: kijana anashinda maskani, shavu limejaa majani, na hana mkubwa wa kumwambia basi. Naamini tatizo liko kwenye hilo la mwisho. Pwani haikuwahi kukosa vilevi, ila zamani mnywaji alikuwa na watu wa kumtazama.

Mnazi, yaani tembo, unaonyesha hivyo vizuri. Katika kitabu chake cha 1972, Palms, Wine and Witnesses, David Parkin alieleza jinsi Wagiriama waliokuwa wakinunua minazi na mashamba walivyowanywesha wazee. Ununuzi haukuwa na hati. Mzee aliyekunywa leo ndiye angesimama shahidi muuzaji akigeuka. Kujitoa kwenye karamu hizo kulitaka sababu. Baadhi ya matajiri wapya walisema wamepandwa na pepo wa Kiislamu, asiyetaka tembo wala nyama isiyochinjwa kihalali, na wazee hawakuweza kuwalaumu kwa matakwa ya pepo. Kunywa kulimfunga mtu kwa wenzake, na kuacha kulihitaji idhini yao.

Nitaambiwa kwamba haramu ni haramu, hata mbele ya mashahidi elfu. Kwa Mwislamu hilo halina mjadala, wala sitetei tembo. Nitaambiwa pia kwamba kuna kibarua anayeacha ujira wote mangweni, kwenye kilabu cha tembo, huku watoto wakilala njaa, na wenzake wamemzunguka. Ni kweli, lakini wale ni wanywaji wenzake; hakuna anayemdai chochote kesho, kama mzee wa Kigiriama alivyodaiwa ushahidi. Ndiyo maana nasema marufuku peke yake ni kazi nusu: inaondoa jani, inamwacha kijana palepale maskani.

Kliniki ya methadoni ya Kisauni inafanya nusu ya pili. Aliyekuwa akitumia unga, yaani heroini, huenda kila siku, hupewa dozi yake na kuimeza mbele ya mhudumu, na asipofika hujulikana. Kaunti ikitaka kuwaokoa watoto wa muguka, iwawekee watu wa namna hiyo mitaani kwao, wanaowajua kwa majina na watakaowauliza jana walikuwa wapi.