Kifafa cha mtoto si uchawi

Wasikilizaji wa Butembo na Beni, nanyi muliohama vijiji kwa sababu ya vita: tuache kumwita mtoto mchawi kwa kuwa anaanguka kifafa! Kuna ugonjwa adimu, ule wa Bourneville, daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1880. Jeni moja ikiharibika, vivimbe visivyo kansa vinaota kwenye ubongo, figo, moyo na ngozi. Vya ubongo ndivyo vinaleta kifafa. Hauambukizi. Wagonjwa wengi hawakuurithi kwa baba wala mama. Basi mama anafukuzwa kwa kosa gani? Mukiona mabaka meupe kwenye ngozi ya mtoto anayeanguka, mumpeleke kwa munganga, si kumfunga kamba na kumshindisha njaa. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi: kifungo, mwaka 1 hadi 3. Dawa za kutuliza kifafa zipo. Fimbo haiponyeshi.