MASHAURI KWA JAMAA: Someni Nyuma ya Kichupa



Juma lililopita, wanafunzi walipokwisha kwenda kwao, mama mmoja alinijia shuleni akiwa na vichupa viwili vya mafuta ya uso, amevifunga katika kitambaa. Mwanawe ana ualbino, naye huketi katika darasa langu, mstari wa kwanza, kwa kuwa macho yake hayaoni vema ubaoni. Akasema: "Mwalimu, mchuuzi wa sokoni ameniambia kwamba vyote viwili vinazuia jua. Kimoja nimekilipia fedha nyingi, kingine kidogo. Tafadhali unisomee maandishi yake." Nilisoma, na niliyoyasoma nimeona yafaa kuwafikia wazazi wengine.

Ngozi yetu nyeusi ina rangi iitwayo melanini, nayo ni kama mwavuli uliofunguliwa daima. Mwenye ualbino hana mwavuli huo, au anao mdogo mno. Jua la adhuhuri, ambalo kwetu sisi ni jasho tu, kwake ni moto. Leo ngozi yaungua. Kesho yatoka vidonda visivyopona. Na vidonda hivyo vyaweza kugeuka saratani mtu akingali kijana. Basi kwa mtoto huyo mafuta ya jua si pambo, ni kinga ya uhai.

Kichupa cha kwanza, kile cha fedha nyingi, kilikuwa kizuri kwa kutazama: bibi mwenye uso unaong'aa, jua la rangi ya dhahabu, na maneno « écran solaire ». Nikakigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo kama chawa, nikaona « hydroquinone ». Kumbe! Hidrokinoni haizuii jua hata kidogo. Kazi yake ni kuizuia ngozi isitengeneze melanini, yaani kuubomoa ule mwavuli. Nchi za Ulaya ziliikataza katika mafuta ya kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001. Mtoto ambaye tangu kuzaliwa amekosa mwavuli, wamwuzia kitu cha kubomoa mwavuli! Nakiri kwamba nilikasirika.

Tena kuna mengine mawili ya kukimbia. La kwanza ni klobetasoli, dawa kali ya mganga, ambayo ikipakwa usoni kila siku bila amri yake huifanya ngozi kuwa nyembamba. La pili ni zebaki, iharibuyo figo. Mapatano ya Minamata, yaliyopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ilidhuru watu wengi, yanakataza kutengeneza mafuta ya namna hiyo na kuyasafirisha toka nchi hadi nchi. Lakini wenye kuitia zebaki hawaiandiki waziwazi daima. Basi tazameni alama hii: mkiona onyo kwamba mafuta yasiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu, yaacheni hapo hapo mezani pa mchuuzi.

Kichupa cha pili hakikuwa na picha yo yote. Nyuma kiliandikwa « oxyde de zinc » na « dioxyde de titane », yaani oksidi ya zinki na dioksidi ya titani. Haya ni madini yaliyosagwa kuwa unga laini, hukaa juu ya ngozi na kuzuia miali isipenye. Mwaka 2019 wakuu wa dawa wa Marekani walichungua vitu 16 vitumiwavyo katika mafuta ya jua. Ni hivi viwili tu walivyosema kwamba ushahidi wa usalama wake watosha. Viwili vingine walivikataa, na 12 wakavitakia uchunguzi zaidi.

Mama akaniuliza: "Lakini nimesikia kwamba mafuta haya huingia katika damu?" Swali jema. Uchunguzi wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba vitu kama oksibenzoni na avobenzoni, vikipakwa karibu mwili mzima, huonekana katika damu kwa kadiri ndogo. Kuonekana si kudhuru, na wachunguzi wale hawakumwambia mtu aache kujipaka. Walakini Ulaya, mwaka 2022, ilipunguza oksibenzoni: isizidi sehemu 6 katika 100 kwa mafuta ya uso, na 2.2 kwa yale ya mwili. Mwenye wasiwasi achague madini. Madini yana aibu moja, huacha weupe usoni, na wanafunzi hucheka. Nimekwisha kusema nao.

Je, mafuta haya yasaidia kweli? Huko Nambour, katika Australia, tangu mwaka 1992 watu 1,621 waligawanywa, wengine wakaamriwa kujipaka kila siku. Hao walipata uvimbe mmoja wa saratani ya ngozi, ule uwapatao sana wenye ualbino, pungufu kwa karibu sehemu 40 katika 100. Watu wale walikuwa weupe, si wenye ualbino, lakini jua ni lile lile.

Tafuteni namba 30 au zaidi: 30 huzuia sehemu 97 katika 100 za miali inayounguza, 50 huzuia 98, kwa hiyo msijitie deni kwa ajili ya namba kubwa. Tafuteni tena herufi UVA ndani ya duara, na tarehe ya mwisho. Mtu mzima atumie karibu kijiko cha chai kwa uso na shingo, arudie kila saa mbili. Ndiyo, kichupa kitakwisha upesi! Kwa hiyo nguo ya mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana vifunike vinavyofunikika, na mafuta yabaki kwa uso, masikio na mikono.

Mama alikirudisha kichupa cha kwanza sokoni. Mchuuzi alikataa kumrudishia fedha zake. Mimi nimemhamisha mtoto upande wa pili wa darasa, penye kivuli asubuhi, na mkuu wa shule amekubali kwamba mazoezi ya mwili yafanyike saa moja na nusu, si saa tano kama zamani.