Lumumba si Jino wala Sanamu

Husemwa mara nyingi kwamba Patrice Lumumba alikuwa hodari wa maneno tu. Kwamba alishika serikali kwa muda usiotimia miezi mitatu, na kwamba hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960 ndiyo iliyomchimbia kaburi. Sisi walimu wa Kiswahili hatukubaliani na madai hayo hata kidogo.

Tuitazame hotuba yenyewe. Siku ile, mjini Léopoldville, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alimsifu Leopold wa Pili, mtawala ambaye zama zake Wakongo walichumishwa mpira kwa viboko na bunduki. Lumumba, ambaye hakuwamo katika ratiba ya wasemaji, alisimama akajibu. Aliyataja mateso moja moja: kazi za shokoa, ujira usiotosha, ardhi iliyonyang'anywa. Tena akataja jambo ambalo kila mwalimu wa lugha yampasa alishike: Mwafrika aliitwa kwa kile kiwakilishi cha Kifaransa wanachoitana marafiki, wala si kwa urafiki, bali kwa kuwa kiwakilishi cha heshima kiliwekewa Wazungu peke yao. Je, mtu aliyeona dharau ilivyojificha hata ndani ya kiwakilishi aweza kuitwa mropokaji?

Wala si hotuba iliyomwua. Waliomwua ni watu. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukayeyushwa kwa asidi ili asiwe na kaburi. Nani hutaabika hivyo kwa ajili ya maneno matupu? Mwaka 2001 tume ya Bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa nchi hiyo walikuwa na dhamana ya kimaadili katika mauaji hayo. Mwaka 2022 jamaa zake wakarudishiwa jino moja. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Lakini wanaomsifu nao wana lao la kujibu. Mobutu, ambaye askari wake ndio waliomkamata, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966. Basi sifa nayo yaweza kuwa jeneza. Dar es Salaam na Kampala zina barabara zenye jina lake. Ni wanafunzi wangapi wapitao humo wawezao kueleza alisema nini?

Hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi. Lumumba alikijua Kiswahili, na aliishi na kufanya kazi Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Hivyo mtoto wa Kongo aweza kumaliza masomo akiwa amemsoma Lumumba katika lugha ileile ambayo kiwakilishi chake kilimdharau babu yake.

Twasema basi: hotuba ile na iingie darasani kwa Kiswahili. Wanafunzi waifasiri wenyewe, sentensi baada ya sentensi, wabishane namna ya kukieleza kiwakilishi kile katika lugha ambayo heshima yake imo katika shikamoo, mzee na ndugu. Watakapokwama hapo, na watakwama, ndipo watakapoanza kuelewa alichokuwa akikipigania. Kazi hiyo haingoji amri ya wizara wala fedha za wafadhili. Yangoja mwalimu na chaki yake.